Binti ana 1380, shule yake ina wastani wa 890: atume alama au afiche?

Swali

*Tunaishi Grand Rapids, Michigan. Sisi ni watu wa Fizi, Kongo, tulikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na tuliletwa Marekani binti yangu akiwa na miaka minane. Sasa yuko darasa la 11. Mwezi wa nne walifanya shuleni SAT, mtihani wa kuombea vyuo, akapata 1380: hesabu 750, kusoma na kuandika 630. Wastani wa shule yao ni 890. Anataka uhandisi, na kwenye orodha yake kuna Dartmouth na University of Michigan. Rafiki zake wanamwambia alama ikiwa chini ya 1500 usiitume, kwa kuwa vyuo vingi siku hizi havilazimishi. Mimi nimezoea Exetat ya kwetu, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: unapita au unaanguka. Hii siielewi. Kwa nini mtihani wa saa mbili uwe na uzito mbele ya miaka yote ya shule? Na si kweli kwamba ni mtihani wa matajiri? Nimshauri nini?*

Jibu

Ndugu yangu, atume. Atume Dartmouth, ambako ni lazima, na atume Michigan, ambako ni hiari. Rafiki zake watarudi na ushauri uleule vuli ikifika, kwa hiyo nataka wewe na yeye mwe na la kuwajibu.

Kwanza tuiweke Exetat kando. Kule mtahiniwa anatafuta asilimia 50. Akiifikia, ana diplome yake. SAT haina mstari wa kuvuka. Inaanzia 400 na kuishia 1600, nusu hesabu na nusu kusoma na kuandika, kila upande kati ya 200 na 800. Hakuna aliyefaulu wala aliyefeli. Kuna namba tu, na namba hiyo anaisoma mtu aliyekaa ofisini akiwa na karatasi nyingine nyingi mbele yake. Wahitimu wa sekondari wa 2024 waliofanya SAT walipata wastani wa 1024. Kwa hiyo binti yako amewapita zaidi ya wanafunzi 90 katika kila 100. Hizo ni habari njema sana. Hata hivyo, namba iliyonishtua mimi katika barua yako ni 890.

Vyuo vinavyochagua sana hugawa nchi kwa maeneo, na kila eneo lina afisa wake wa udahili. Afisa huyo hasomi ombi la binti yako peke yake. Anasoma maombi ya shule nzima, ya mji mzima, mwaka baada ya mwaka. Pamoja na matokeo ya mwanafunzi, mshauri wa shule hutuma karatasi inayoeleza shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani ya juu, wangapi wanapata chakula cha bure, wangapi huendelea na chuo cha miaka minne, wastani wao wa SAT ni ngapi. Afisa akiiona 890 kwenye karatasi hiyo, kisha akaona 1380 ya binti yako, anaona pengo la pointi 490. Anajua kwamba hakuna mwalimu aliyemfundisha mtihani huo kwa miaka mitatu, na kwamba darasani alikuwa akitangulia mara nyingi kuliko kufuata. Mtoto wa shule ya ada kubwa yenye wastani wa 1400 akileta 1380 ileile, ameleta alama ya kawaida ya shule yake. Namba ni moja, lakini afisa hazisomi sawa.

Hiyo si nadharia yangu. Dartmouth iliacha kulazimisha mtihani wakati wa Covid, kama vyuo karibu vyote vikubwa vya Marekani, maana mwaka 2020 vituo vya mtihani vilifungwa. Baadaye maprofesa wanne wa chuo hicho, Elizabeth Cascio, Bruce Sacerdote, Doug Staiger na Michele Tine, waliombwa wachunguze hiyo hiari ilikuwa imeleta nini. Ripoti yao ilitoka mwanzoni mwa 2024. Waligundua kwamba mamia ya waombaji kutoka familia na shule zisizo na uwezo walikuwa na alama za 1400 na kitu, wakazificha. Walifanya hivyo kwa kuwa waliziona ziko chini ya wastani wa Dartmouth. Kumbe ofisi ya udahili ingezipima kwa hali ya shule zao, na kuzituma kungeongeza sana nafasi yao ya kuchukuliwa. Mwezi wa pili mwaka huohuo Dartmouth ikarudisha mtihani kuwa wa lazima. Nikisoma ripoti ile huwa naumia, maana watoto waliopotezwa na ushauri wa «usitume» ni walewale ambao hiari ilidaiwa kuwasaidia.

Sasa, hiyo 1500 ya rafiki zake imetoka wapi? Imetoka kwenye vyuo vyenyewe, na hapa kuna mtego. Chuo hutangaza alama za nusu ya katikati ya wanafunzi wake: robo ya chini wako chini ya namba fulani, robo ya juu wako juu ya nyingine. Mtihani ukiwa hiari, wenye alama za chini hawatumi, na wasiotuma hawahesabiwi. Namba inayotangazwa inapanda hata kama wanafunzi wenyewe hawajabadilika. Mwaka unaofuata watoto wengine wanaiona namba hiyo mpya, wanaogopa, nao wanaficha, inapanda tena. Kwa University of Michigan nusu ya katikati imekuwa kama 1350 hadi 1530 miaka ya karibuni, na hao ni waliotuma tu. Binti yako yumo ndani ya kipimo hicho hata kikiwa kimevimba. Hesabu yake ya 750, kwa mtu anayeomba uhandisi, inasomeka vizuri popote.

Umeuliza kwa nini saa mbili zishinde miaka 12. Hazishindi. Matokeo ya darasani ndiyo huanza kusomwa, na mtoto mwenye alama duni za shule hataokolewa na SAT. Tatizo ni kwamba alama za darasani zimepanda nchi nzima bila ujuzi kupanda kwa kiasi hicho. Shirika la ACT, linalotunga mtihani mshindani wa SAT, lilionyesha kwamba wastani wa alama za shule wa watahiniwa wake ulitoka 3.22 mwaka 2010 ukafika 3.39 mwaka 2021, kwa kipimo kinachoishia 4. Afisa wa Dartmouth, aliyeko jimbo la New Hampshire, akipokea A ya hesabu kutoka shule ambayo haijawahi kumpelekea mwanafunzi, atajuaje ni A ya namna gani? Shule maarufu haina shida hiyo, A yake inajulikana. Inayohitaji shahidi wa pili ni A ya shule isiyojulikana.

Na shahidi huyo ana thamani, angalau katika vyuo vya juu kabisa. Mwaka 2024 John Friedman, Sacerdote na Tine walichapisha utafiti wa vyuo vya kundi liitwalo Ivy-Plus, yaani vile vyuo binafsi vinane maarufu vya Ivy League pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Wanafunzi walioingia na SAT ya 1600 walimaliza mwaka wa kwanza na wastani wa juu kwa pointi 0.43 kuliko walioingia na 1200, wakati alama za sekondari zilitabiri kidogo sana. MIT ilikuwa imeshaliona hilo. Kila mwanafunzi wa MIT, hata anayesoma muziki, lazima apite kalkulasi mihula miwili na fizikia inayotumia kalkulasi mihula miwili. Mwezi wa tatu 2022, kabla ya wengine, chuo hicho kilirudisha mtihani, na mkuu wake wa udahili Stu Schmill alieleza kwamba unawasaidia kuwatambua watoto walio tayari ambao shule zao hazina masomo ya juu ya kuonyesha hivyo. Mwaka 2024 Brown, Harvard na Caltech wakafuata. Cornell, Stanford na Penn nao wametangaza kuurudisha. Yale mwaka huo ilichagua njia ya kati: uchague kutuma SAT, ACT, au mitihani ya masomo ya juu ya sekondari iitwayo AP au IB.

Kuhusu utajiri, uko sahihi, wala sitakuficha. Mtihani huu una asili mbaya. Carl Brigham, aliyeongoza kuutunga hadi ukafanywa mara ya kwanza mwaka 1926, alikuwa ameandika mwaka 1923 kwamba akili hutofautiana kwa asili ya watu, weupe wa Ulaya ya kaskazini juu na weusi chini. Mwaka 1930 aliyakana mwenyewe maandishi hayo, lakini yalikuwa yameshatumika. Na hadi leo fedha zinaonekana kwenye alama. Watafiti wa Opportunity Insights, kituo kilichoko Harvard, walionyesha mwaka 2023 kwamba watoto wa asilimia 1 ya matajiri wakubwa wana uwezekano mara 13 zaidi ya watoto wa maskini wa kupata 1300 au zaidi. Shule bora, vitabu nyumbani, utulivu wa makazi, mwalimu wa ziada, vyote vimo ndani ya namba ile.

Ila soma takwimu hiyo ukiwa upande wa binti yako. Kama 1300 ni adimu hivyo kwa mtoto wa familia yenye kipato kidogo, basi 1380 ya mtoto aliyeanza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka minane ni adimu zaidi, na afisa anayejua kazi yake analijua hilo.

Kisha jiulize: mtihani ukiondolewa, kinabaki nini mezani? Insha, ambayo mwenye fedha huajiri mtu wa kuinoa. Barua za mapendekezo, ambazo mwalimu wa shule binafsi mwenye wanafunzi 12 huandika kurasa mbili na mwalimu wa shule yenu mwenye wanafunzi 150 huandika aya moja. Michezo kama kupiga makasia na skwoshi. Upendeleo kwa watoto wa waliosoma palepale. Raj Chetty, David Deming na Friedman walilipima jambo hili mwaka 2023: watoto wa asilimia 1 ya juu wanaingia vyuo vya Ivy-Plus kwa zaidi ya mara mbili ya watoto wa familia za kipato cha kati wenye alama zilezile za SAT au ACT. Alama zilezile! Yaani pengo lile halikuletwa na mtihani. Sehemu kubwa yake ililetwa na upendeleo kwa watoto wa wahitimu, sifa zisizo za kitaaluma, na wanamichezo wanaoandikishwa na makocha. Mimi nimesimama hapo: mtihani unabeba udhalimu wa nchi, lakini hivyo vingine vinabeba zaidi, na mtoto maskini hawezi kuvinunua. SAT angalau anaweza kuifanyia mazoezi bure.

Wapo wataalamu makini wanaopinga, nami nawaheshimu. University of California, mfumo mkubwa kuliko yote ninayoitaja hapa, uliamua mwezi wa tano 2020 kuachana na SAT, na sasa hauiangalii kabisa hata ukiituma. Hata hivyo kamati ya maprofesa wake, iliyokuwa imechunguza jambo hilo mapema mwaka huo, ilikuta kwamba kwa mfumo wao alama za mtihani zilitabiri maendeleo ya wanafunzi vizuri, hasa wale wa makundi yaliyoachwa nyuma. Bodi iliamua vinginevyo. Binti akitaka kuomba University of California, asihangaike na SAT.

Ni lini ningemwambia mtoto asitume? Kama alama iko karibu na wastani wa shule yake au chini yake, na chuo hakilazimishi, afiche, haimsaidii. Kama anaomba uhandisi na hesabu ndiyo upande uliolegea, afikiri mara mbili. Wastani wa shule yoyote ya umma Michigan unapatikana kwenye tovuti ya jimbo, MI School Data, kwa sababu jimbo hili huwafanyisha SAT wanafunzi wote wa darasa la 11 bila malipo tangu 2016. Wadogo zake wakifika hapo, anzeni na namba hiyo, kisha ndipo mwangalie namba ya chuo.

Je, arudie? Ndiyo, mara moja, mwezi wa nane. Kusudi lake ni ile 630 ya kusoma na kuandika. Hesabu aiguse kidogo tu isipoe. Dartmouth na vyuo vingine vingi huchukua alama bora ya kila upande hata kama zimetoka siku tofauti, kwa hiyo hapotezi 750 yake. Tena upande wa kusoma na kuandika una sehemu inayopanda haraka kwa mtoto aliyejifunza Kiingereza shuleni: kanuni za nukta, mkato, na upatanisho wa kiima na kitenzi. Kanuni hizo ni chache, zinarudi kila mtihani, na zinajifunzika wakati wa likizo. Sehemu ya msamiati ndiyo ngumu, lakini hapo wewe mwenyewe una la kumpa. Maneno mengi ya Kiingereza cha kitaaluma yametoka Kifaransa na Kilatini. Ulichosoma Fizi hakijapotea. Kaeni pamoja na orodha ya maneno yanayomshinda, utashangaa ni mangapi unayajua.

Mtihani wenyewe sasa ni wa kompyuta, wa saa 2 na dakika 14. Kila upande una sehemu mbili, na ugumu wa sehemu ya pili hutegemea alivyojibu ya kwanza. Kwa hiyo sehemu ya kwanza asiiharakishe: akikosea mengi pale, anapelekwa kwenye maswali rahisi, na alama za juu kabisa hazifikiki tena. Mazoezi kamili yapo bure kwenye programu ya Bluebook, ileile wanayofanyia mtihani, na masomo ya bure yapo Khan Academy.

Usilipe maelfu ya dola kwa darasa la SAT. Wauzaji huahidi pointi 200. Derek Briggs, aliyepitia tafiti za mafunzo haya kwa ajili ya chama cha washauri wa udahili NACAC mwaka 2009, alikuta ongezeko linalotokana na mafunzo yenyewe ni kama pointi 30 tu kwa wastani. Fedha hiyo nunulieni laptopu.

Kama anapata chakula cha bure au cha nusu bei shuleni, anastahili msamaha wa ada: mitihani miwili ya SAT bila kulipa, kutuma alama vyuoni bila kulipa, na vyuo vingi humsamehe hata ada ya maombi. Ule wa mwezi wa nne ulilipiwa na jimbo, hauhesabiki hapo. Msamaha huu huombwa kwa mshauri wa shule, na washauri wenye mamia ya wanafunzi husahau kuutaja. Aende akaulizie.

Mshauri huyohuyo aambiwe yale ambayo karatasi ya matokeo haisemi: mwaka aliofika, darasa alilowekwa bila kujua lugha, lini alitolewa kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza. Kwenye Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, kuna nafasi ya kueleza mazingira ya maisha, na kwenye orodha ya shughuli kuna kipengele cha majukumu ya familia. Kama ndiye anayewatafsiria hospitalini, anayewachukua wadogo zake shuleni mama akiwa kazini usiku, aandike hivyo waziwazi, na saa ngapi kwa wiki. Watoto wetu huona aibu kuliandika hilo, wanadhani shughuli ni mpira na kwaya tu. Afisa anayesoma 630 akiwa na habari hiyo mkononi anaisoma tofauti kabisa.

Na bei isimtishe. Dartmouth ilitangaza mwaka 2024 kwamba wazazi wenye kipato cha dola 125,000 au chini hawatachangia chochote. Michigan ina Go Blue Guarantee kwa wakazi wa jimbo: tangu vuli ya 2025, familia yenye kipato kisichozidi dola 125,000 na mali iliyo chini ya kiasi hicho hailipi ada ya masomo. Michigan haitoi chakula na malazi katika ahadi hiyo, kwa hiyo linganisheni barua za msaada wa fedha kabla ya kuchagua.

Kwa tarehe: aombe msamaha wa ada kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita, kwa sababu usajili wa mtihani wa Agosti hufungwa mapema na vituo vya karibu huweza kujaa. Aangalie pia QuestBridge, mpango wa wanafunzi hodari wa kipato kidogo, ambao maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba. Maombi ya mapema ya Michigan na Dartmouth hufungwa Novemba 1. Dartmouth ya mapema inamfunga, akikubaliwa lazima aende. Maombi ya Michigan yaitwayo Early Action hayamfungi, na hapo ndipo ningemwanzishia.